Pleteleti zimeshuka? Kabla hamjaanza kuuza mbuzi, angalieni na UKUBWA wake kwenye hicho cheti

BintiWaSlaidi:

Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi maabara huku Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu ila wiki iliyopita limetokea jambo nikasema leo naandika tu hata kama ni usiku.

Kaja mama mmoja, kaletwa na ndugu zake kutoka wilayani, wamekodi gari, wameuza mbuzi, watu sita wamejiandaa kutoa damu. Sababu cheti cha FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu) alichopimwa huko kilikuwa kinasoma pleteleti 22, yaani zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Kawaida ni 150 mpaka 450 (hizo ni elfu, yaani 150 ni laki moja na nusu kwa kila mikrolita moja ya damu) kwahiyo 22 ni namba ya kutisha kweli, na walishaambiwa wajiandae huenda ni saratani ya damu. Sasa mama mwenyewe ukimwangalia hana hata kidoa, fizi safi, damu ya puani hajawahi kutoka, anaongea vizuri tu isipokuwa amekonda kwa hofu. Nikachukua tone nikatandaza kwenye slaidi nikapaka rangi nikaweka chini ya hadubini. Pleteleti zimejaa tele, ila zimeshikana mafungu mafungu kama vishada vya zabibu! Mashine ikikutana na fungu la pleteleti 30 haijui kwamba ni 30, inaliruka au inalihesabu kama kitu kingine. Nikamtoa damu upya kwenye kile kichupa cha kifuniko cha bluu chenye sitreti, nikapima hapohapo, ikaja 195, ukizidisha kwa 1.1 kwa sababu ile sitreti ni maji na yanazimua damu unapata kama 214. Mama mzima wa afya. Dawa iliyopo kwenye kichupa cha zambarau (EDTA) ndo ilikuwa inazishikanisha pleteleti zake, tena ndani ya kichupa, mwilini mwake hakuna kinachoshikana. Watu wa aina hii wapo, wachache lakini wapo.

Mbuzi ndo walishauzwa.

Kwahiyo jambo la kwanza kabla hatujafika mbali, pleteleti zikishuka ghafla na mtu hana dalili yoyote ya kuvuja damu, OMBENI SLAIDI. Sio dharau kwa aliyepima, ni haki yako, na kwenye maabara yenye hadubini na rangi haichukui hata saa moja.

Sasa jambo la pili ndo kiini cha uzi. Tuseme slaidi imeangaliwa na kweli ni chache. Watu wote wanabaki kukodolea namba. 40, jana zilikuwa 52, leo 38, familia nzima kwenye grupu la wasapu inasoma namba. Lakini namba inakwambia zimebaki ngapi, haikwambii zimeenda wapi. Na hapo chini yake kwenye cheti hichohicho kuna MPV, pengine na PDW na P-LCR, hakuna anayezitazama.

MPV ni ukubwa wa wastani wa pleteleti moja. Unapimwa kwa femtolita, mashine nyingi kawaida yake inacheza 7 mpaka 11 au 12, angalia kile kiwango kilichochapwa pembeni maana kila mashine ina chake. PDW inakwambia zinatofautiana kiasi gani kwa ukubwa, na P-LCR ni asilimia ya zile kubwa, zinazozidi femtolita 12.

Kwanini ukubwa una maana? Fikiria mgahawa wa maandazi asubuhi, unafika sinia lina maandazi matatu tu. Ukishika andazi ukakuta ni la moto, umejua jikoni wanakaanga kama kawaida, ila wateja wanayamaliza kabla hayajapoa. Ukikuta yamepoa yamekauka, basi jiko limezimwa. Idadi ni ileile tatu, sababu mbili tofauti kabisa. Pleteleti zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa na chembe kubwa zinaitwa megakariosaiti, moja tu inaweza kutoa pleteleti elfu moja mpaka elfu tatu, kila pleteleti inaishi siku 7 mpaka 10. Zile ambazo ndo zimetoka jikoni mara nyingi huwa kubwa. Kwahiyo pleteleti chache lakini MPV iko juu, uboho unafanya kazi, kuna kitu huko nje kinaziharibu. Pleteleti chache na MPV iko chini, hapo wasiwasi unahamia kwenye uboho wenyewe.

Nawapa mifano miwili niliyoiona mwenyewe, umri nimebadilisha. Mtoto wa miaka 5, alikuwa na mafua, wiki mbili baadae mama yake anamuogesha anakuta michubuko kila sehemu na vijidoa vyekundu miguuni, pleteleti 14, MPV 12.6, Hb (wingi wa damu) safi, chembe nyeupe safi. Na kijana wa 24, pleteleti 18, MPV 7.0, Hb 5.8, chembe nyeupe 1.4. Namba za pleteleti zinakaribiana kabisa, ila wa kwanza kinga ya mwili ilikuwa inazila pleteleti (ITP), na wa pili uboho ulikuwa umekauka, alipelekwa kuchomwa sindano ya uboho wakathibitisha. Wa kwanza leo anacheza mpira. Wa pili safari ilikuwa ndefu na sitaielezea hapa.

Karibuni kwa maswali, ntajibu ninayoyajua.

KijanaWaFeri:

Aisee dada umenifungua macho, nina vyeti vitatu vya mzee hapa na kweli hiyo MPV ipo na sijawahi kuuliza ni nini. Swali langu dengue. Ule mwaka 2019 Dar ilivyotushika mimi pleteleti zilifika 31, jirani akaniletea juisi ya majani ya mpapai nikanywa siku mbili zikapanda mpaka 90. Ni mpapai au ni nini

BintiWaSlaidi:

Kijana wa Feri pole kwa hilo. Dengue pleteleti zinashuka zaidi siku ya 4 mpaka ya 7 hivi, homa inapokuwa inakata, halafu zinapanda zenyewe tena kwa kasi. Sasa watu wanaanza mpapai lini? Siku ya 5, pale namba ilipotisha. Kwahiyo chochote utakachokunywa siku hiyo, hata uji wa ulezi, kesho kutwa kitasifiwa. Sisemi mpapai una ubaya, nasema usimwache mgonjwa nyumbani kwa sababu umepata majani.

Na kingine kwenye dengue watu wanaogopa pleteleti wakati hatari kubwa ni maji ya damu kuvuja kutoka kwenye mishipa. Mgonjwa homa imekata mnafurahi, kumbe tumbo linamuuma sana, anatapika mfululizo, mikono ya baridi, kwenye cheti ile HCT (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) inapanda, hapo ndo pa kukimbia. Kuongezewa pleteleti kwa sababu tu namba iko chini na havuji damu hakumsaidii. Na diclofenac, aspirini, ibuprofeni achana nazo kabisa, parasetamo tu.

Kuna kipimo kingine hapa ndo kinapendeza, kinaitwa IPF, kinahesabu asilimia ya pleteleti changa. Mtu mwenye afya huwa kama asilimia 1 mpaka 6 au 7. Pleteleti changa bado zina mabaki ya RNA ndani, mashine inazipaka rangi inayong'aa inazitambua. Hizi changa walizielezea Ingram na Coopersmith mwaka 1969, waliziona kwenye damu baada ya upotevu mkubwa wa damu, mwili ulipokuwa unahangaika kufidia. Kwenye dengue IPF ikianza kupanda wakati namba bado iko chini, kwa kawaida siku moja au mbili namba nayo inafuata. Shida ni kwamba inataka mashine kubwa kama Sysmex za XN zenye hicho kipimo, sio kila mahali ipo.

MzeeKitambo:

Hizi hospitali zinatafuta hela tu. Slaidi, uboho, sijui IPF. Zamani tulikuwa tunaumwa malaria tunapona bila pleteleti wala nini

BintiWaSlaidi:

Mzee wangu shikamoo. Naelewa uchungu wako na gharama zinaumiza watu kweli. Ila hapo kwenye malaria umegusa pa maana, kwasababu huku kwetu pleteleti zikishuka na mtu ana homa, cha kwanza kabisa ni malaria kabla ya majina yote magumu. Wagonjwa wengi wa malaria pleteleti zao zinashuka, wengu unavimba unazikamata, kinga nayo inaziharibu, na mara nyingi MPV inakuwa imepanda kidogo maana uboho unafidia. Ukitibu malaria, baada ya wiki moja hivi zinarudi bila kuziwekea dawa yoyote. Kwahiyo mzee uko sahihi kwamba zamani mlipona, pleteleti zilikuwa zinashuka vilevile ila hakuna aliyekuwa anazihesabu. Mashine ya kuhesabu chembe kwa umeme yenyewe hati miliki yake Wallace Coulter aliipata 1953.

Na ndo maana MPV naipenda: haina gharama. Ipo kwenye cheti ulichokwishalipia.

DaktariZamu:

Uzi mzuri sana BintiWaSlaidi, hongera. Ila niongeze tahadhari maana watu wataanza kujitibu kwa MPV. Hicho kipimo ni cha kuelekeza, hakikati kauli. Kuna ITP yenye MPV ya kawaida kabisa na kuna wagonjwa wa uboho wenye MPV ya juu, namba za makundi haya zinapishana sana katikati. Pili MPV inabadilika kwa jinsi sampuli ilivyotunzwa, damu ikikaa kwenye EDTA pleteleti zinavimba, sampuli iliyotolewa kituo cha afya saa mbili asubuhi ikapimwa saa tisa mchana MPV yake mimi siiamini. Tatu, mashine mbili tofauti zinakupa MPV mbili tofauti kwa damu ileile. Na pleteleti zikishuka sana, chini ya 10 au 20, mashine nyingi zinachapa vistari tu pale kwenye MPV kwa sababu hazina cha kupimia.

Nisichopenda kabisa ni mtu asome hapa MPV 11.5 aseme aah mimi uboho wangu uko sawa halafu abaki nyumbani na lukemia (saratani ya damu).

BintiWaSlaidi:

Daktari asante, umesema kweli tupu na nilipaswa kuliweka juu kabisa. Kuhusu muda wa sampuli nakubali mia kwa mia, mimi nikipokea damu ya zaidi ya masaa mawili MPV siitilii maanani, na wale wanaoweka kichupa kwenye friji kabla ya kupima FBP waache, baridi inaziharibu umbo.

Ila daktari nitakubishia kidogo sehemu moja. Huku chini IPF hatuna, sindano ya uboho mpaka hospitali kubwa, nauli tu kwenda na kurudi ni mtihani. MPV ikisomwa pamoja na Hb, chembe nyeupe na slaidi, vyote vinne kwa pamoja, inasaidia kuamua nani asubiri na nani apande gari LEO. Yule kijana wa 24 hakuhitaji MPV ili tujue ni mgonjwa, mistari yote mitatu ya damu (nyekundu, nyeupe na pleteleti) ilikuwa chini. Lakini mtu ambaye ni pleteleti pekee ndo zimeshuka, vingine vyote safi, slaidi inaonyesha pleteleti chache kubwakubwa, huyo mara nyingi nafsi yangu inatulia.

DaktariZamu:

Hapo tuko pamoja. Vyote vinne. Na ongeza mkono wa daktari tumboni, wengu haupimwi na mashine ya FBP.

PwaniMoja:

Salamu kutoka Kilifi. Hiyo ya wengu nimeisikia kwa shemeji yangu, yeye ni mvuvi ziwani, aliambiwa pleteleti 68 na kwamba wengu umekuwa mkubwa juu ya kichocho. Kichocho na pleteleti wapi na wapi jameni? Mimi nilijua kichocho ni kukojoa damu

BintiWaSlaidi:

Karibu sana ndugu wa Kilifi. Huko pwani kichocho chenu ni kile cha kibofu, ndo maana unajua kukojoa damu. Huku ziwani tuna cha tumbo, mayai ya minyoo yanakwama kwenye ini, miaka inapita ini linapata makovu, damu inashindwa kupita vizuri inarudi nyuma kwenye wengu, wengu unavimba. Kwa kawaida wengu unahifadhi kama theluthi moja ya pleteleti zote. Ukivimba sana unaweza kushikilia mpaka asilimia 90! Kwahiyo kwa mfano wetu wa maandazi jiko linawaka, wateja hawajazidi, ila maandazi yamefichwa chini ya meza. Hapa MPV haikusaidii sana, inaweza kuja yoyote, jibu liko kwenye ultrasaundi ya tumbo.

Na mwambie shemeji yako kitu kimoja muhimu kuliko namba hiyo 68. Watu wa hivyo wanapata mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, inaweza kupasuka. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami ni hospitali usiku huohuo, wasisubiri kukuche. Na aulize kuhusu kuangaliwa kwa kamera ya tumboni. Nimeona wavuvi wanafika wamechelewa, inauma.

MamaBariki:

Jamani mimi sijui nianzie wapi. Mwanangu ana miaka 4, juzi vijidoa kama ulivyosema hapo juu, jana pua imetoka damu kidogo ikakata. Pleteleti 11, MPV wameandika vistari kama alivyosema daktari. Hb 11.2, nyeupe 8.4, malaria hana. Wanasema tusubiri na kumuangalia, mimi nasubirije mtoto ana pleteleti 11?? Silali

BintiWaSlaidi:

Mama Bariki pole sana, vuta pumzi kwanza tuongee. Umefanya vizuri kuandika na Hb na chembe nyeupe. Hizo mbili hazijaguswa na hiyo ni habari njema. Vistari sio ubaya, ni mashine imekosa pleteleti za kutosha kupima. Waombe slaidi, waulize vitu vitatu: pleteleti mnazoziona ni kubwa? zimeshikana? na je kuna chembe nyeupe changa zisizoeleweka? Ikiwa ni chache, kubwa, na nyeupe ni za kawaida, basi inaelekea kwenye ITP, na kwa watoto wengi ndani ya miezi 6 inaisha yenyewe. Ndo maana wanasema kusubiri, hawajakutelekeza.

Huko kusubiri kwenyewe kuna masharti lakini. Asipande juu ya vitu, asicheze mieleka na kaka zake, asichomwe sindano ya msulini, asipewe aspirini wala ibuprofeni wala diclofenac. Akiumwa kichwa sana, akitapika bila sababu, akilegea au akiwa na usingizi usio wa kawaida, pua ikitoka damu bila kukata, damu kwenye mkojo au choo, huyo ni dharura, hakuna cha kusubiri asubuhi.

DaktariZamu:

Nakubaliana na yote. Mama Bariki wakikupa prednisoloni usishangae, ni sehemu ya matibabu, ila slaidi iangaliwe KABLA ya kuanza, maana ikiwa ni lukemia hizo dawa zinaificha.

KijanaWaFeri:

Samahani kuuliza, hivi nani aligundua kwamba mwili unaweza kuzila pleteleti zake wenyewe? Inashangaza

BintiWaSlaidi:

Hii hadithi naipenda. Alikuwa daktari kijana Marekani, William Harrington, huko St. Louis mwaka 1950. Watu walikuwa wanabishana kama ITP shida iko kwenye uboho au kuna kitu ndani ya damu. Yeye akajiwekea mwenyewe damu ya mgonjwa wa ITP, kama nusu lita. Ndani ya masaa machache pleteleti zake zikaporomoka karibu na sifuri, akapata degedege, akaanza kutoka vijidoa. Siku kadhaa baadae zikapanda zenyewe. Uboho wake ulikuwa mzima muda wote, kwahiyo kitu kilikuwa kwenye ile damu, na baadae ikajulikana ni kingamwili. Mtu alihatarisha maisha yake kwa swali hilihili tunalouliza leo, zimeisha au zimeliwa.

Tumaini_Tele:

Mimi mjamzito wiki 33, pleteleti 108, mwanzoni mwa mimba zilikuwa 190. MPV 11.9. Niogope?

DaktariZamu:

Hongera kwa mimba. Mara nyingi kushuka kidogo hivi miezi ya mwisho ni ujauzito wenyewe, sio ugonjwa, na baada ya kujifungua zinarudi. Lakini swali langu ni presha ngapi, na mkojo umepimwa protini? Kifafa cha mimba nacho kinashusha pleteleti na kupandisha MPV, hapo cheti cha FBP pekee hakitenganishi. Kichwa kinauma, unaona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia? Kimoja kikiwepo nenda leo. Hakuna hata kimoja, nenda kesho asubuhi wakupime presha na mkojo, halafu pleteleti zirudiwe kila wiki au mbili.

Tumaini_Tele:

Presha mwezi uliopita ilikuwa sawa, sina dalili hizo. Kesho saa moja niko pale. Asante daktari

MamaBariki:

Nimerudi wapendwa, ni siku ya tisa. Slaidi waliangalia, wakaniambia ni chache na ni kubwa, nyeupe za kawaida. Yule kaka wa maabara akaniita nikaangalia na mimi kwenye hadubini, sikuelewa kitu lakini nililia. Walimpa prednisoloni. Leo pleteleti 47 na MPV imetokea sasa, 12.1. Vijidoa vinafifia. Ila anasumbua anataka kwenda kuendesha baiskeli

BintiWaSlaidi:

Mungu ni mwema!! 47 na 12.1, hizo ni mpya kutoka jikoni mama. Baiskeli bado, mfiche ufunguo wa stoo. Wamekupa tarehe ya kurudi? Nenda asubuhi mapema damu ipimwe mbichi, na chukua vyeti vyote ulivyonavyo uende navyo, usiache hata kimoja nyumbani.

MamaBariki:

Alhamisi. Vyeti nimevipanga kwenye bahasha